Milimita Tano

Asubuhi ya siku ya nne ya mvua, Brightness alipiga magoti kwenye tope mbele ya kopo la kupimia mvua, akaitoa chupa iliyokuwa ndani yake, akaiinua hadi usawa wa jicho kama alivyofundishwa. Maji yaliishia kwenye mstari wa tano. Alifumba jicho la kushoto, akalifumbua, akafumba la kulia. Mstari haukusogea. Milimita tano.

Tope lilikuwa limemfikia kwenye vifundo vya miguu.

Aliandika namba hiyo katika daftari, chini ya nne ya Jumanne na saba ya Jumatano, kisha akabaki amepiga magoti. Nyuma ya shamba la mahindi, korongo lilikuwa likinguruma. Ndani ya ngurumo hiyo yalisikika mawe yakigongana, moja baada ya jingine, kama watu wanaohamisha vyombo vizito katika chumba cha jirani. Mlima Hanang haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika wote na kuteremka hadi kwenye mpaka wa msitu, hatua chache tu juu ya boma lao.

Tangu Desemba ile ambayo tope liliteremka mlimani likafukia nyumba za watu upande wa Katesh, Brightness hakuweza kusikia mawe yakigongana bila kuacha alichokuwa akifanya. Wakati huo alikuwa amemaliza darasa la pili. Sasa alikuwa darasa la tano, na alikuwa bado hajasahau.

"Brightness! Unaliombea dua hilo kopo?"

Alikuwa Bibi Imakulata, amesimama mlangoni mwa jiko, mgongo umenyooka, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri ingawa jua lilikuwa halijachomoza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Linasemaje leo?"

"Imesema tano."

"Kopo imesema?"

"Limesema tano, Bibi."

"Tano." Bibi aliyatazama mawingu, akautazama uwanja uliojaa madimbwi, kisha akageuka upesi kuelekea motoni. "Haya. Uji utapoa."

Kopo hilo halikuwa mchezo wa watoto. Mwalimu Renatus, aliyewafundisha sayansi, alikuwa amemwagiza fundi bati wa sokoni Endasak alitengeneze kwa bati jipya, lenye mdomo kama faneli, na ndani yake akaweka chupa ya kioo yenye mistari. Liling'aa kiasi kwamba mtu angeweza kujitazama uso. Kisha alipanda nalo mwenyewe hadi kwa Bibi Imakulata, kwa sababu boma hilo lilikuwa la mwisho kabla ya msitu, na mvua iliyonyesha huko juu ndiyo iliyoteremka korongoni. Alilichimbia mahali pa wazi, mbali na mti na mbali na paa, akamkabidhi Brightness daftari. "Usilihamishe," alisema, "na mtu yeyote asiliguse isipokuwa wewe."

Mwalimu na wazee wa kitongoji walikuwa wamekubaliana jambo moja. Walikumbuka mvua za miaka iliyopita, wakapiga hesabu zao wenyewe, wakasema hivi: jumla ya siku tatu ikivuka mia moja, familia zote zinazoishi kandokando ya korongo zihame, ziende kulala kigangoni, kwenye kanisa dogo la kilimani, hadi mvua itulie. Ikiwa chini ya hapo, kila mtu abaki kwake. Watu wasingeweza kuhama kila lilipotanda wingu. Walikuwa na mifugo, walikuwa na wagonjwa, walikuwa na mahindi ya kupalilia.

Kwa hiyo kila asubuhi Brightness aliteremka shuleni akiwa amebeba namba moja, na namba hiyo ilikuwa nzito kuliko mkoba.

"Nne, saba na tano," alisema Mwalimu Renatus asubuhi hiyo, akiandika ubaoni. "Kumi na sita." Alisimama kidogo, chaki mkononi. "Nilidhani huko juu imenyesha zaidi."

"Mimi pia nilidhani hivyo, Mwalimu. Usiku inalia sana kwenye bati."

"Masikio hukuza mambo, Brightness. Chupa haikuzi." Akatoa simu, akampigia mwenyekiti wa kitongoji palepale mbele ya darasa. "Kumi na sita, Mwenyekiti. Ndiyo. Wabaki."

Siku hiyo walirudia somo la safari ya maji, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu. Mwalimu alichemsha maji katika sufuria, akaifunika kwa mfuniko baridi, akaufunua. Matone yalikuwa yamening'inia kwa ndani.

"Nani ameyapandisha matone haya?"

"Joto, Mwalimu."

"Huko nje ni nani?"

"Jua, Mwalimu. Linapasha bahari, maziwa na majani. Maji yanakuwa mvuke, yanapanda."

"Na mfuniko wetu ni nini?"

Jenifa, binti wa mfugaji Gidahosh, aliyeketi dawati moja na Brightness, alinyoosha mkono. "Ni mlima, Mwalimu."

"Eleza."

"Upepo unatoka mashariki umebeba mvuke. Ukifika Hanang hauna pa kupita, unapanda. Juu kuna baridi. Mvuke unageuka matone, matone yanakuwa wingu, yakizidi uzito yanaanguka."

"Safi kabisa. Yakianguka yanakwenda wapi?"

Hapo ndipo mwalimu alipochukua kopo lililojaa udongo na kuanza kulimiminia maji taratibu. Udongo uliyanywa. Akamimina tena, ukanywa tena. Akamimina mara ya tatu, na maji yakabaki juu, yakitetemeka. Akaliinamisha kopo kidogo tu. Udongo wote ulitoka kwa mkupuo mmoja, ukaanguka mezani.

"Mlima wetu una udongo laini juu ya mwamba," alisema. "Udongo hunywa, lakini una kiasi chake. Na mshike neno hili: maji hayapotei. Mkiona hayapo mahali yalipokuwa, jiulizeni yamekwenda wapi."

Saa saba wanafunzi waliruhusiwa kurudi nyumbani kabla njia hazijaharibika. Brightness na Jenifa walipanda pamoja hadi kwenye njia panda.

"Kopo lenu linanionea wivu," alisema Jenifa. "Nilitaka kulala kigangoni. Kule wanapika makande ya watu wote kwenye sufuria moja kubwa. Linakataa kujaa!"

"Usiseme hivyo."

"Baba anakushukuru lakini. Anasema mwambie yule binti wa kopo, ng'ombe wangu hawapendi kuhama."

Jenifa aliteremka kuelekea kwao, nyumba iliyokaa juu ya ukingo wa korongo, mahali ambapo mtu akirusha jiwe kutoka mlangoni lingeangukia majini. Brightness alimtazama hadi sketi ya bluu ilipopotea kwenye mahindi. Kumi na sita, alijiambia. Kumi na sita ni mbali sana na mia moja.

Alipofika nyumbani, Bibi alikuwa akichambua maharage ndani. Brightness alikwenda nyuma ya banda kumtazama ndama, akakuta kihori cha kunyweshea mifugo kina maji.

Hicho kilikuwa kihori cha gogo lililochongwa, kuta zake zimesimama wima na sakafu yake bapa. Jana jioni mtamba alikipiga teke kikapinduka, na Brightness mwenyewe ndiye aliyekisimamisha kikiwa kitupu, nje, mbali na paa. Hakuna aliyekitia maji. Bibi hakuwa mtu wa kuchota maji ya kisima na kuyamimina penye mvua.

Alitoa rula katika mkoba. Aliizamisha hadi ikagusa sakafu ya gogo, akaitoa. Alama ya maji ilikuwa kwenye milimita sitini na mbili.

Alipangusa rula kwa sketi, akapima upande wa pili. Sitini na mbili.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa aibu: nimekosea kusoma. Jambo la pili lilimjia taratibu zaidi, na likamfanya ashike ukingo wa kihori kwa mikono miwili. Mvua iliyoingia kihorini na mvua iliyoingia kwenye kopo ilikuwa moja. Hatua ishirini tu zilivitenganisha. Ikiwa kihori kilisema kweli, kopo lilisema uongo. Na kama kopo lilisema uongo, Jenifa alikuwa ameteremka kwenda kukaa ukingoni mwa korongo kwa sababu ya uongo huo, nao ulikuwa na mwandiko wa Brightness.

Radi ilipiga.

Kwa kawaida ilianza jioni, na ikianza tu, Bibi alimfukuza Brightness hadi chumba cha ndani, akamfunika blanketi hadi kichwani, akazima simu. Siku hiyo ilitangulia, ikamkuta Brightness nyuma ya banda. Alichungulia kwenye pembe ya ukuta, na akamwona Bibi Imakulata akitoka jikoni mbiombio, sufuria mbili kwapani. Aliziingiza ndani, akatoka tena, akachukua panga lililochomekwa ukutani, akalitia chini ya gunia. Kisha alichukua kipande kikubwa cha kibuyu kikuukuu kilichokaa siku zote juu ya rundo la kuni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kopo, akalifunika, akaweka jiwe juu yake.

Mvua ilishuka wakati huohuo, nzito, ikipiga kibuyu.

Brightness aliogopa radi, aliogopa mlima, lakini hakuna kilichomwogopesha kama sentensi aliyotakiwa kuitamka sasa. Katika boma lile, mtoto hakumuuliza Bibi kwa nini.

"Bibi."

"Upo nje? Ingia! Huisikii radi?"

"Bibi, umelifunika kopo."

"Nimelifunika. Ulitaka liite radi juu ya kichwa chako? Kitu kinang'aa kama kioo, kimewekwa uwanjani! Babu yako Lameck alikuwa na ndoo mpya ya bati mkononi, anavuka kilele na maziwa. Ndoo mpya! Waliniletea ndoo imeyeyuka mdomo. Ingia ndani, nimesema."

"Umelifunika tangu lini?"

"Unaniuliza mimi tangu lini?"

Mvua ilikuwa ikimmiminikia Brightness usoni. Hakuondoka. Hakujua miguu ilipata wapi ukaidi huo. "Tafadhali, Bibi. Tangu lini?"

Sauti ya Bibi ikapungua. "Tangu Jumatatu. Radi ikianza nalifunika, alfajiri nalifunua kabla hujaamka. Sikutaka ubishani na mwalimu wako."

"Mvua yote imekuja na radi, Bibi. Kopo limepata manyunyu tu." Alinyoosha rula, kidole kimeshika alama. "Hii ni ya jana usiku peke yake. Iko kwenye kihori. Sitini na mbili."

Bibi Imakulata alisoma zamani, wakati ambapo mwanafunzi alitandikwa akikosea jedwali la kuzidisha. Hakuhitaji kueleweshwa mara mbili.

"Milimita moja ni kiasi gani?"

"Lita moja katika kila mita ya mraba."

"Shamba letu ni ekari mbili. Tuseme mita za mraba elfu nane. Mara sitini na mbili." Midomo yake ilitembea. "Karibu lita laki tano. Kwa usiku mmoja. Shamba hili tu." Akainua uso kuutazama mlima ambao haukuonekana. "Na Jumatatu? Na Jumanne?"

"Sijui, Bibi. Sasa hakuna anayejua."

Walisimama hivyo, mvua ikiwapiga wote wawili, ndipo Bibi alipoinua kidole. "Nyamaza. Sikiliza."

Brightness alisikiliza. Alisikia mvua juu ya kibuyu. Alisikia mvua juu ya bati, na juu ya majani ya mahindi. Aliendelea kusikiliza, akitafuta kitu kilichokuwa kimejaa masikioni mwake kwa siku nne, wala hakukipata.

Korongo lilikuwa limenyamaza.

Mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu kuliko manyunyu ya asubuhi, na korongo limenyamaza. Maji hayapotei. Mkiona hayapo mahali yalipokuwa, jiulizeni yamekwenda wapi. Macho ya Brightness yalipanda kwenye wingu, mahali ambapo korongo lilianzia, naye akayaona bila kuyaona: udongo umeporomoka kutoka pande zote mbili, miti imelala juu yake, na nyuma ya ukuta huo maji yanapanda, na kupanda, na kupanda.

Kisha, katika ukimya ule, ilisikika kengele. Kengele ya ng'ombe, halafu nyingine, zikiteremka kuelekea korongoni.

"Mungu wangu," alisema Bibi. "Gidahosh anawapeleka ng'ombe kwenye chumvi."

Watu wa ukingoni wote walifanya hivyo, tangu enzi za babu zao. Maji ya korongo yakifurika hukwangua kingo, na yakipungua huacha wazi udongo mpya wenye chumvi, ambao ng'ombe huulamba kama wendawazimu. Ng'ombe wa Gidahosh hawakuwa wamelamba kwa siku nne. Kwake yeye, maji yaliyokatika ghafla yalikuwa bahati ya kuwahiwa kabla hayajarudi. Na asubuhi hiyo alikuwa ameambiwa kumi na sita.

Simu ya Bibi ilikuwa imezimwa na kuvingirishwa katika kitambaa ndani ya sanduku. Waliiwasha. Mtandao haukuwapo. Kushuka hadi kwenye njia panda na kuzunguka hadi kwa akina Jenifa kungechukua nusu saa. Kutoka shambani hadi kwenye jabali lililotazama korongo zilikuwa hatua mia mbili tu, lakini mvua ile ilimeza sauti ya mtu, ikaacha mlio wa chuma tu; mtu angepiga kelele hadi akohoe damu na asisikike.

Bibi aliingia jikoni. Alipotoka alikuwa amebeba sufuria kubwa kuliko zote, ile ya misiba na harusi, iliyosuguliwa kwa mchanga hadi ikawa nyeupe. Mkono mwingine ulishika jiwe la kuegemezea mlango.

Umeme ukamulika. Sufuria ikamulika nao.

"Bibi, radi!"

"Nimeisikia. Mwalimu wako anasema radi hutafuta nini?"

"Anasema haijali kinachong'aa. Hutafuta kilichoinuka mahali pa wazi. Ndiyo maana tusikae chini ya mti, wala kileleni."

"Basi tutainama," alisema Bibi Imakulata, naye akatangulia.

Walipita ndani ya mfereji wa shamba, wamejikunja, maji yakiwafika magotini. Bibi alikuwa akisali kwa sauti, na kila radi ilipopasuka sala ilikatika katikati ya neno, kisha ikaendelea palepale ilipokatikia.

Walifika chini ya jabali, wakachuchumaa kwenye ukingo. Chini yao korongo lilikuwa wazi. Mahali palipokuwa na mto wa rangi ya chai ya maziwa asubuhi, sasa palikuwa na mchanga, mawe yanayong'aa na kijito chembamba ambacho mtoto angekiruka. Ng'ombe walikuwa wamepanga midomo kwenye ukingo wa pili, wanalamba. Gidahosh alisimama katikati yao na fimbo yake, shuka kichwani. Na nyuma, karibu na ndama, ilionekana sketi ya bluu.

"Jenifa!" Brightness alipiga kelele. Sauti haikufika popote.

Bibi akaigonga sufuria.

Mlio ulitoka mkali, ukaruka korongo, ukarudi. Aligonga tena, na tena, bila kupumzika. Gidahosh aliinua kichwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaona. Umeme ulimulika wakati huohuo, na kwa kitambo kifupi sufuria ile ilikuwa kitu cheupe kuliko vyote upande ule wa mlima.

Brightness alikuwa tayari amejaza kifua, na kwa woga, na kwa mazoea ya maisha yake yote mbele ya Bibi, maneno yaliyotoka yalikuwa: "Shikamoo, Baba Jenifa! Tope linakuja!"

Gidahosh hakuitikia wala hakuuliza. Alimgeukia Jenifa, akaunyoosha mkono kuelekea nyumbani, akapiga ukelele ambao ulisikika hata juu ya mvua. Jenifa aliwaacha ndama, akakimbia. Alipanda ukingo kwa mikono na magoti, akateleza, akapanda tena. Nyumbani, mama yake alitoka na mtoto mgongoni, akawavuta wengine wawili kwa mikono, wakashika njia ya kilima. Gidahosh aliwachapa ng'ombe, naye akawa wa mwisho kutoka.

Ilianza na harufu. Harufu ya udongo mbichi, kama ya kaburi lililochimbwa sasa hivi. Kisha ardhi ikatetemeka chini ya nyayo za Brightness, mtetemo mdogo, kama wa lori linalopita mbali. Bibi aliacha kugonga. Alimshika mjukuu wake shingoni, akamvuta nyuma, juu zaidi, hadi migongo yao ikagusa mwamba.

Kilichotokea kwenye kona ya korongo hakikuwa maji. Ulikuwa ukuta mweusi, na juu yake miti iliyosimama wima, yenye majani yake yote, ikitembea. Ulipita chini yao kwa mngurumo ambao Brightness hakuusikia kwa masikio bali kwa meno. Aliona ng'ombe wawili na ndama waliochelewa, kisha hakuwaona. Aliona nyumba ya akina Jenifa ikiinama upande mmoja, taratibu, kama mtu anayeketi, halafu paa likageuka likaenda na miti.

Alitaka kufumba macho, lakini hayakukubali. Alizihesabu shuka na sketi zilizokuwa zikipanda njia ya kilima. Moja, mbili, tatu. Nne, pamoja na mtoto aliyebebwa mgongoni. Ya tano, sketi ya bluu. Ya sita ilikawia. Halafu Gidahosh akatokea nyuma ya ng'ombe wake, amepoteza shuka, amepoteza fimbo, anatembea.

Jioni hiyo kigango kilijaa. Mwalimu Renatus alikuwa amepanda kutoka shuleni kwa miguu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakupumua tangu mchana. Alipomwona Brightness aliinama, akauliza kwa upole, "Ilikuwaje? Tulikosea wapi?"

Watu wote waligeuka. Brightness alijua jibu, alijua pia lilikuwa la nani, akamgeukia Bibi.

Bibi Imakulata alisimama. Nguo zake zilikuwa zimelowa, kitambaa cha kichwa kimenyooka.

"Mjukuu wangu alisoma vizuri, akaandika vizuri," alisema. "Kopo lilikuwa limefunikwa. Nililifunika mimi, kila ilipopiga radi. Niliiogopa radi, nikaisahau mvua. Anayetaka kulaumu anajua ninapokaa."

Kulikuwa na minong'ono, na mingine haikuwa mizuri. Mwalimu alijishika paji la uso. Aliyezungumza kwanza alikuwa Gidahosh, akiwa amejifunika blanketi la kuazima, naye alimwita Bibi kwa jina la mwanawe.

"Mama Theodory, nikueleze kitu. Ningesikia kengele ya hapa, ningesema wangoje, ng'ombe walambe kwanza. Ningemwona mtoto anapunga mikono, ningesema ni watoto. Lakini nimekaa jirani yako miaka thelathini. Hata kijiko hukiachi nje kukiwa na radi! Nikaona sufuria ile ya misiba, nje, umeme unamulika." Alitikisa kichwa. "Nikajua kuna jambo unaloliogopa kuliko radi. Sikutaka kungoja kulijua."

"Nyumba yako imekwenda, Baba Jenifa."

"Imekwenda. Ng'ombe wawili wamekwenda, na ndama." Hakusema kwamba si kitu. Aliwatazama watoto wake waliokuwa wakila makande, na Bibi akachukua upawa akawaongezea.

Mvua haikuisha siku hiyo. Kesho yake asubuhi Mwalimu Renatus na Brightness walikwenda kulichimbua kopo, wakalichimbia upya kwenye uwanja wa kigango, mahali pa wazi, ambapo kila mtu angeliona. Korongo lilikuwa limeanza tena kunguruma, na wazee walisema hiyo ilikuwa nafuu, kwa kuwa maji yanayosikika yanajulikana yalipo. Lakini wingu lilikuwa bado limekaa juu ya Hanang, na hakuna aliyejua ni kiasi gani cha udongo kilichobaki huko juu, kimeshiba, kinangoja kuinamishwa kidogo tu.

Saa nane mchana mbingu iligeuka rangi ya shaba. Watu waliingia ndani ya kigango. Brightness na Bibi Imakulata walikaa kwenye benchi karibu na mlango, wakilitazama kopo kule uwanjani. Kipande cha kibuyu kilikuwa magotini mwa Bibi. Alikuja nacho kutoka nyumbani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu.

Umeme ulimulika. Kopo likang'aa lote, mara moja, kama jicho lililofunguka.

"Hesabu," alisema Bibi.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa." Radi ikanguruma. "Kila sekunde tatu ni kilomita moja, Bibi. Iko kilomita tatu."

"Kilomita tatu ni mbali?"

"Si mbali sana."

Matone ya kwanza yaliangukia bati la kopo, makubwa, yakilia moja moja. Umeme ulimulika tena, na safari hii walihesabu wote wawili, sauti ya mtoto na sauti ya mzee, hadi sita. Brightness alihisi miguu yake ikitaka kuinuka, ikimbie uwanjani, mikono ilifunike lile kopo, iling'oe, ilifiche mahali ambapo mbingu haingeliona. Aligeuka kumtazama Bibi. Bibi Imakulata alikuwa amekitoa kibuyu magotini, amekiweka kwenye benchi na kukikalia, na viganja vyake vyote viwili alikuwa amevibana chini ya mapaja.

Umeme ulimulika.

"Moja," walisema. "Mbili. Tatu."

Radi ikapasuka juu ya paa. Watoto wakalia. Kule uwanjani kopo lilisimama wazi kwenye mvua, peke yake, likijaa.